Kabari ya Kushoto

Nikisikia mtu anasema kupakia lori ni kazi ya nguvu, namwangalia tu. Wenye nguvu nimewaona wengi, na wengine nimewaona wakilia. Kupakia lori ni kazi ya kusubiriana. Mmoja akitangulia, hata kwa pumzi moja, mzigo hauna simile, unashuka. Siku hizi nikipita kwenye mabohari ya Mbeya naviona vile vigari vyenye meno mawili mbele vikinyanyua mapipa manne kwa mpigo, na malori yenye ubao wa nyuma unaopanda na kushuka wenyewe. Nasimama natazama. Wananipigia kelele, "Bibi, sogea huko, hatari!" Nasogea. Ningewajibu nini? Hatari nimekula nayo sahani moja.

Ninayoyasema ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, watoto wawili, na mdomo. Mdomo nilizaliwa nao, mama yangu alinionya nao hadi akachoka. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la barabara ya Iringa, anakwenda Jumatatu anarudi Alhamisi au Ijumaa, kutegemea matope. Mimi nilipata kazi bohari, hapo Mbeya. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda kwenye migodi ya Rhodesia na kule kusini zaidi, kwa hiyo nyapara aliandika wanawake kwa kazi alizoziita nyepesi: kushona magunia, kufagia, kushika kabari.

Nyepesi! Ngoja nikueleze kabari.

Bohari yetu haikuwa na jukwaa. Lori lilisimama chini kwenye udongo, na bodi yake ilikuwa juu, inanifika kifuani. Gunia mtu hulipandisha begani. Lakini pipa la dizeli, lile kubwa, halibebwi na mtu. Tuliweka mbao mbili nene za mninga kutoka ardhini hadi kwenye bodi, zikawa njia ya kupandia. Kamba mbili zilifungwa ndani ya lori, zikashuka, zikapita chini ya pipa lililolazwa, zikarudi juu kwa wanaume wanne wa kuvuta. Chini yake alisimama mtu mmoja, bega kwenye pipa, anasukuma. Na huku na huku, kushoto na kulia, walikaa washika kabari. Kabari zenyewe ni vipande vya mti mgumu vilivyochongwa mshazari, kama muhogo uliokatwa kwa pembe. Wanaume wakivuta, pipa linapanda hatua moja. Halafu lazima wapumue na kushika kamba upya. Hapo ndipo kabari inapoingizwa chini ya pipa, lisirudi.

Nyapara wetu alikuwa Mhehe mmoja mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe. Utaratibu wake haukubadilika hata mara moja. "Vuta!" Pipa linapanda. "Kabari!" Wa kushoto anasukumiza yake na kuitikia "Ipo!" Wa kulia naye, "Ipo!" Akisikia zote mbili ndipo anasema "Legeza!" na wanaume wa juu wanapumzisha mikono. Bila zile ipo mbili hakuna kulegeza, hata kamba iwe inakula nyama ya viganja.

Siku aliyonipa kabari ya kushoto aliniambia, "Mama, mkono kwanza, mdomo baadaye. Wewe nakuona una mdomo mwepesi." Watu walicheka, nami nikacheka nikajibu, "Na wewe nyapara una masikio mazito, nitasema mara mbili."

Nilisikia alichosema. Sikukishika.

Miezi ya kwanza nilikuwa mwangalifu mno. Naingiza kabari, naigonga kwa kisigino cha mkono, naitikisa, ndipo nasema. Kisha kazi ikanizoea. Nikaanza kusema "Ipo!" huku kabari bado iko shubiri moja kutoka kwenye pipa, maana nilijua itafika. Na ilifika. Mara mia ilifika. Hakuna aliyeona, na nyapara akawa ananisifu kwamba kushoto kuna upepo. Kulia alikuwa mjane mmoja wa Kisafwa, mtaratibu kweli, anatazama kabari yake kama anayetia uzi kwenye sindano. Nilikuwa namtania, "Mama, pipa litazeeka hapo." Ananijibu bila kuinua kichwa, "Acha lizeeke, mwanangu."

Aliyesimama chini, bega kwenye pipa, alikuwa jirani yetu. Sisi Wanyakyusa watu wa rika moja hupenda kujenga pamoja, na huyu na mume wangu walikuwa rika moja, walichunga pamoja na kujenga nyumba zao mlimani msimu mmoja, hatua chache kutoka kwa wazazi wa mume wangu. Mtu wa maneno, mcheshi, mpana wa mabega. Jioni tukipanda kwenda nyumbani alimbeba mwanangu mkubwa shingoni, huku ananisema, "Kabari, tembea basi!" Jina langu kwake lilikuwa hilo tu, Kabari.

Sasa nije kwa baba mkwe wangu.

Kwetu, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hamsemeshi, halitamki jina lake, hapiti njia moja naye. Akimwona anakuja anajifunika nguo kichwani na kuingia vichakani, na kama hakuna vichaka anageuka na kuinama mpaka apite. Usicheke. Na wala usidhani ni mwanamke peke yake anayehangaika. Mzee naye alikuwa ananikimbia! Mara ngapi nimesikia miguu yake inaruka mtaro kwa sababu mimi natoka mtoni na ndoo. Ilikuwa heshima ya pande mbili. Wachungaji wengine walianza kusema Wakristo tuyaache hayo, na baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, ana kiti chake mbele. Lakini mama mkwe alisema nyumbani kwake heshima haijafutwa, na sikuona sababu ya kubishana. Basi nilikuwa nimeolewa miaka sita na sijui ana macho ya namna gani. Nilimjua kwa kofia yake ya kahawia, kwa mbali, na kwa kikohozi. Alikuwa na kawaida ya kukohoa kabla hajafika popote ninapoweza kuwapo. Kikohozi cha uongo, mara mbili, kavu. Nikikisikia najua nina muda wa kujificha.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Tulikuwa tunapakia mapipa ya kwenda Chunya, kwenye machimbo. Betri ya lori ilikuwa imekufa, wameliwasha kwa kulisukuma, kwa hiyo dereva akakataa kuzima injini. Ikawa inanguruma muda wote, na moshi wake unatuingia puani. Nyapara alilazimika kupiga kelele mara mbili ya kawaida. Mume wangu hakuwapo, alikuwa njiani anarudi kutoka Iringa.

Pipa la nne lilikuwa limefika katikati ya mbao. "Vuta!" Likapanda. "Kabari!" Nikapeleka mkono na mdomo wangu ukatangulia kama kawaida yake. "Ipo!" Na papo hapo, kwenye kona ya bohari, nikaona ile kofia ya kahawia. Si mbali. Hatua nne! Baadaye nilijua alikuja kuulizia mabati ya kanisa lao yaliyoletwa na lori la wiki ile. Nadhani alikohoa. Nina hakika alikohoa, alikuwa hasahau. Lakini injini ilikimeza kikohozi chake.

Sikufikiri. Ningekuwa nimefikiri ningesukuma ule mkono shubiri moja zaidi, kisha nikakimbia. Lakini mwili uliofundishwa miaka sita haungoji kuulizwa. Niliachia kabari, nikavuta kanga kichwani, nikajitupa nyuma ya magunia ya kahawa. Nikiwa hewani nilimsikia mjane wa Kisafwa, taratibu yake ile ile: "Ipo." Kisha nyapara: "Legeza!"

Pipa likarudi. Upande wa kulia likazuiwa na kabari, upande wangu halikuzuiwa na kitu, basi likageuka mshazari, likatoka kwenye ubao. Nilisikia ubao ukilia. Nilisikia kishindo. Halafu nikamsikia jirani yetu, na sauti ile siisimulii.

Walipoliondoa pipa, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea ambako miguu haielekei. Mimi bado nilikuwa nyuma ya magunia, nimejifunika. Bwana mkubwa wa bohari, Mzungu, alitoka ofisini mbio. Nyapara alikuwa anapiga kelele, analia kabisa, mtu mzima yule, "Kushoto nilisikia ipo! Wallahi nilisikia kwa masikio yangu!" Nikajua macho yote yanatafuta kushoto. Nikasema moyoni, sasa wananifuata, nimekwisha.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee. Kwa miaka sita sikuwahi kuisikia karibu namna ile. Alisema kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mama alikuwa ameiweka. Mimi nimepita hapa, sikuangalia, nikaikanyaga kwa mguu, ikachomoka. Kosa ni langu mimi."

Kabari ilikuwa imelala pale nilipoiachia. Haikugusa pipa hata kidogo, na hakukuwa na mguu wowote ulioikanyaga. Tulijua watu wawili tu, yeye na mimi. Wa juu walikuwa wanatazama kamba zao, na nyapara anawatazama wao. Mjane alikuwa ng'ambo ya pipa. Majeruhi alikuwa uso chini, bega kwenye chuma.

Nami nilikuwa na mdomo. Mdomo uliosumbua watu tangu nizaliwe. Siku ile ukafa.

Miaka mingi nilijiambia kwamba mila ndiyo iliyonifunga, kwamba nisingeweza kusema mbele ya baba mkwe. Uongo mtupu. Ningeweza kungoja aondoke. Ningeweza kumwambia nyapara jioni, au kesho yake, au wiki ile. Niliogopa. Niliogopa kufukuzwa kazi, kurudishwa kwetu, watoto wangu kubaki na watu. Niliogopa macho ya jirani yangu. Hiyo ndiyo kweli, na sioni raha kuisema.

Bwana mkubwa alimtukana mzee matusi ambayo hata mkalimani aliyapunguza, akamfukuza kama mwizi, akasema asikanyage tena pale. Nyapara akapiga marufuku mtu yeyote asiyefanya kazi kukaribia lori linalopakiwa, akafunga kamba kuzunguka mahali petu pa kazi. Akaongeza na sheria nyingine, kwamba mshika kabari asiseme kitu mpaka ameigonga mara tatu na watu wamesikia mlio. Ko, ko, ko, ndipo ipo. Sheria nzuri sana. Ilikuja kwa sababu yangu na hakuna aliyejua.

Mguu haukukatwa. Ulipona, lakini goti lilikataa kukunja. Jirani yetu alitoka hospitali na fimbo, na kazi ya kupakia ikawa imemwisha. Ucheshi nao ukaisha. Hakuniita Kabari tena. Aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto, kama mtu baki.

Na baba mkwe wangu? Jumapili iliyofuata hakukaa kwenye kiti chake cha mbele. Hakuna aliyemwondoa. Alikwenda mwenyewe kukaa nyuma, karibu na mlango, na hapo ndipo alipokaa hadi mwisho. Halafu msimu wa kulima ulipofika alichukua jembe akaenda kwenye shamba la jirani. Kwetu wanaume ndio wanaolima kwa jembe, na mtu mwenye goti lisilokunja atalimaje? Mzee akamlimia. Matuta yote, mtelemko wote ule, peke yake, kabla hajagusa shamba lake. Jirani alikaa barazani kwake na fimbo, anatazama. Hakumsalimia. Asubuhi mzee anafika, anasema "Ugonile," anasubiri kidogo, hajibiwi, anaanza kulima. Nilikuwa nayaona haya nikiwa nimechuchumaa kwenye mahindi, kanga kichwani. 

Nilikwenda kwa mama mkwe. Ujumbe kwa baba ulipita kwake, hapakuwa na njia nyingine. Nikamkuta anapepeta maharage. Nikasema, "Mama, mwambie baba kwamba hakuikanyaga ile kabari. Mimi sikuiweka."

Aliendelea kupepeta. "Unataka nimwambie hakuikanyaga? Kwani yeye hajui?"

"Basi kwa nini amesema vile?"

"Gwe mwana, mimi niliuliza. Akasema alikuja bila kusikika. Akasema mtu anayeingia bila kusikika ndiye mwenye kosa." Akamwaga makapi. "Ameshasema. Sasa unataka nikamfanye mwongo mbele ya watu, mzee wa kanisa? Chukua maharage haya, kapikie wanangu."

Nikachukua maharage. Mungu wangu, nikachukua.

Lililoniuma zaidi ni mume wangu. Aliporudi kutoka Iringa na kuelezwa, alikwenda hospitali akamwona rafiki yake, akatoka hapo akiwa amemnunia baba yake. "Mzee wa miaka ile anapita katikati ya kamba! Haoni?" Alisema hivyo tukila, nami nikapakua ugali mwingine. Nilitikisa kichwa hata, kama nakubali. Kampuni ilipompa kituo cha Iringa mwaka uliofuata, mimi ndiye niliyefunga vyombo kwa haraka. Tulipanga mtaa wa Mlandege. Nikaanza kuuza maandazi, nikajifunza salamu za Kihehe, nikazaa mtoto wa tatu. Nilidhani umbali utanisaidia.

Haukunisaidia. Nilikuwa siwezi kupita lori lililosimama bila kuinama kutazama gurudumu. Lori la mume wangu likilala nje ya nyumba, natoka kugonga ile kabari ya gurudumu la nyuma. Majirani walisema mke wa dereva ana kichaa kidogo. Tulipokwenda Mbeya kusalimia, msimu hata msimu, nilimkuta mzee kwenye shamba la jirani, mgongo unazidi kupinda, jembe linazidi kuwa zito. Mara moja nilimpelekea jirani maandazi. Alinikaribisha vizuri, tukaongea. Mzee alikuwa analima kule chini, tunamsikia. Jirani akasema, "Baba mkwe wako anadhani jembe litanikunjia goti." Nikanywa chai yangu yote. Nikaaga.

Habari za msiba zilitufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, kwa dereva mwenzake mume wangu. Mzee ameanguka shambani. Sikuuliza shamba la nani.

Tuliondoka na lori asubuhi ile ile, mimi mbele na mtoto mdogo mapajani. Nyololo tulinunua mkate, hakuna aliyeula. Igawa mume wangu alisimama kutia maji kwenye rejeta, kwenye kijiteremko, na utingo akaruka na kabari yake akaitupa chini ya gurudumu, akasema, "Tayari!" Nilishuka kuitazama. Ilikuwa imekaa kando, haijagusa tairi. Nikaipiga teke mwenyewe ikaingia. Nikaigonga mara tatu.

Mume wangu akasema, amechoka, "Mama watoto, hata leo?"

Hapo nikaanza kulia, na nikasema yote. Nilisema nimesimama barabarani Igawa, vumbi linatupita, wachuuzi wanatunyooshea vikapu vya nyanya, nasema tu. Kofia. Mkono. Ipo. Maharage ya mama yake. Alinisikiliza ameshika kopo la maji, na maji yakawa yanamwagika kwenye viatu vyake. Nilingoja kofi. Sikuwahi kupigwa naye, lakini siku ile nililingoja, na ningelishukuru.

Akafunga rejeta. Akasema, "Kamwambie mwenye mguu. Mimi si mwenye mguu." Akapanda kwenye lori akaliwasha.

Tulifika maombolezo yamejaa. Jeneza lilikuwa wazi, na mama mkwe, amekaa chini karibu nalo, akanishika mkono akanivuta. "Njoo umwone. Sasa unaruhusiwa." Nikaondoa kanga kichwani. Miaka kumi na zaidi katika nyumba ile, ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Na alifanana na mwanangu wa pili, yule niliyekuwa namwosha kila siku, midomo ile ile, masikio yale yale. Nilikuwa naye nyumbani kwangu muda wote na sikujua. Nikasema, "Baba, ndaga." Kwa sauti, mbele ya watu. Asante: ndilo neno la kwanza nililomwambia.

Jirani yetu alikuja wakati wa kuzika. Alisimama mbali, upande wa mahindi, ameegemea fimbo. Watu walimwangalia, walijua wote kwamba alikuwa hamsalimii mzee. Wanaume walikuwa wameanza kufukia. Nikaenda kwake moja kwa moja, nisije nikabadili nia.

Nikamwambia, "Siku ile nilisema ipo. Haikuwapo. Nilimwona baba mkwe nikaachia na kukimbia. Yeye hakukanyaga kitu."

Alinitazama sana. "Lakini ulisema ipo."

"Nilisema."

"Na mzee?"

"Alinifichia."

Nilifikiri atanipiga kwa ile fimbo. Aliitazama fimbo hata, kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akaangalia mtelemko wake, matuta yaliyokuwa yamefika nusu, pale mzee alipoangukia. 

"Amenilimia misimu yote hii," akasema. "Kila asubuhi, ugonile. Ugonile! Sikumwitikia hata siku moja. Mama, sasa mimi nikamwombe radhi nani?"

 

Akaanza kwenda kaburini, goti halikunji, fimbo inazama kwenye udongo uliolowa. Wanaume wakampisha. Akamnyang'anya mmoja jembe, akatupa fimbo kando. Lakini pale pembeni udongo ulikuwa unateleza, na mtu wa goti lisilokunja hawezi kuinama bila kuanguka humo humo. Aliyumba. Akageuka akanitafuta kwa macho, kati ya watu wote wale.

"Kabari," akasema, "nishike nisianguke."

Nikapanda lile rundo la udongo nyuma yake. Nikakita miguu yangu, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia. Nikamshika kiunoni kwa mikono miwili, nikamvuta kidogo nione kama kweli nimemshika. Ndipo nikamwambia, "Nimekushika."